Kipenyo cha bomba kikikosewa, maji ya kuzimia moto hayatoshi

ZIWA Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kigoma imepanda vilima juu yake. Kila mita 10 za kupanda hupunguza msukumo wa maji kwa takriban kilopaskali 98.

Kwa hiyo mhandisi anayesanifu vinyunyizio vya kuzimia moto katika ghala au hoteli mjini humo hana msukumo wa kupoteza. Katika programu ya kompyuta hujaza urefu wa kila bomba, kipenyo cha ndani na namba ya ulaini, iitwayo C katika kanuni ya Hazen na Williams. Bomba la chuma lililojaa maji wakati wote hupewa 120. La plastiki 150.

Kosa huanzia dukani. Bomba linaloitwa la inchi mbili laweza kuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 54.8 au 52.5, kwa kadiri ya unene wa chuma. Fundi akifunga lenye chuma kinene ilhali kompyuta imehesabu jembamba, msukumo unaopotea humo huzidi hesabu kwa takriban asilimia 23, na kinyunyizio cha mbali kabisa ndicho huumia. Dawa ni kuchagua mabomba yote ya aina hiyo, kubadili kipenyo kwa pamoja, kisha kukokotoa upya kabla ya dari kufungwa.