Yangzhou: Mji Uliolelewa na Mfereji

Yangzhou uko mkoa wa Jiangsu, mashariki mwa China, ukingo wa kaskazini wa mto Yangtze. Neema yake ilitokana na mahali ulipo: hapo njia ya maji iendayo kaskazini hukutana na mto mkuu uelekeao baharini.

Mwaka 486 KK, Fuchai, mfalme wa dola ya Wu, alichimbisha mfereji wa Han Gou kuunganisha Yangtze na mto Huai, apate kupeleka askari na chakula vitani. Kuanzia mwaka 605, Kaizari Yang wa nasaba ya Sui aliupanua na kuufanya sehemu ya Mfereji Mkuu. Shokoa ya kuuchimba iliwachosha raia na kuchangia anguko la nasaba yake; mwaka 618 aliuawa na watu wake mwenyewe humo humo Yangzhou.

Waliovuna ni nasaba ya Tang. Nafaka ya kusini ilipitia Yangzhou kwenda kulisha miji mikuu, na Waarabu na Waajemi wakaja kufanya biashara. Mwaka 760 maelfu yao waliuawa na askari waliotumwa kuzima uasi. Hata hivyo wageni hawakukoma. Mhubiri wa Kiislamu Puhaddin, aliyefariki mwaka 1275, amezikwa kando ya mfereji. Mwaka 1951, ukuta wa mji ulipobomolewa, likapatikana jiwe la kaburi la Katarina Vilioni, binti wa mfanyabiashara wa Italia, aliyefariki mwaka 1342. Maandishi yake ni ya Kilatini, na juu yake amechongwa Bikira Maria amempakata Mtoto.

Enzi za Ming na Qing, chumvi ya pwani ndiyo iliyotawala. Serikali iliwapa matajiri wachache haki ya kuiuza, nao wakajenga bustani za fahari. Mmoja wao, Huang Zhiyun, alijenga bustani ya Ge Yuan mwaka 1818: mianzi imeizunguka, na miamba imepangwa kuonyesha majira ya mwaka, ya kijivu kwa kiangazi, ya manjano kwa vuli, myeupe kama theluji kwa kipupwe.

Kisha bahati ikaugeuka mji. Waasi wa Taiping, waliopigana na nasaba ya Qing, waliuteka mwaka 1853. Mwaka 1855 Mto Manjano ulibadili mkondo na kuuvuruga mfereji upande wa kaskazini. Reli ya Tianjin hadi Pukou, iliyokamilika mwaka 1912, ikaupita mbali. Yangzhou ulipata treni mwaka 2004 tu.

Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza Mfereji Mkuu katika Urithi wa Dunia. Lakini heshima kubwa zaidi ni kazi: tangu mwaka 2013, pampu za Jiangdu, wilaya ya Yangzhou, husukuma maji ya Yangtze hadi Shandong kupitia njia hiyo ya kale. Urithi unaoendelea kuwafaa watu hauhitaji kubembelezewa ulinzi. Wanaounywa ndio walinzi wake wa kwanza.