Sigara Njema ya Senti Tano

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari ya swali moja la kale, nalo ni hili: mtu mwenye fedha kidogo atajuaje bidhaa njema na bidhaa mbovu, ikiwa hana uwezo wa kuzijaribu nyingi? Swali hili lahusu nguo, jembe, sabuni na taa. Lakini leo twalichukua kwa njia ya sigara, kwa kuwa historia ya sigara yaonyesha wazi jinsi wauzaji, wanunuzi na mafundi walivyoshindana juu ya maana ya neno "rahisi".

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Tusemapo sigara hapa, hatusemi sigareti, ile nyembamba iliyofungwa kwa karatasi. Twasema ile nene iliyosokotwa kwa majani ya tumbako matupu, tangu moyo wake hata ngozi yake. Wazungu waliiona mara ya kwanza mwaka 1492, Columbus alipofika kisiwa cha Kuba na kuwatuma watu wake wawili, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waende bara kupeleleza nchi. Hao walirudi na habari ya wenyeji waliotembea na majani yaliyokunjwa, yenye moto upande mmoja, wakivuta moshi wake.

Sigara ina sehemu tatu. Ndani yamo majani ambayo Wahispania huyaita tripa, yaani matumbo. Hayo hufungwa kwa jani la pili lenye nguvu, kisha juu yake huvikwa jani la tatu, laini na la kupendeza, liitwalo capa, yaani joho. Kila jani lina kazi nyingi kabla ya kufika mezani kwa fundi. Hukaushwa gizani, hurundikwa pamoja mpaka lipate joto lake lenyewe, kama vile watu wavundikavyo ndizi, ili ukali upungue na harufu njema itokee; tena huwekwa akiba miezi mingi, pengine miaka. Basi mtu aulizaye kwa nini sigara moja ni ya senti tano na nyingine ya senti hamsini, sehemu kubwa ya jibu imo katika muda huo. Muda haununuliwi rahisi.

Mwaka 1717 serikali ya Hispania iliwalazimisha wakulima wa Kuba kuuza tumbako yao kwa mfalme tu, kwa bei aliyoipanga yeye. Wakulima wakaasi mara tatu, na katika uasi wa mwaka 1723 baadhi yao waliuawa. Amri hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1817. Hapo biashara ikafunguka, na sigara za mji wa Havana, hasa zile za majani ya Vuelta Abajo upande wa magharibi wa kisiwa, zikapata sifa katika dunia nzima.

Walakini sifa huzaa udanganyifu. Jina la Havana lilipokuwa na thamani, wachuuzi wa nchi nyingine walilibandika juu ya masanduku yasiyokuwa na hata jani moja la Kuba. Wenyeji wakaona fedha zao na heshima yao zaibwa pamoja. Mwaka 1912 serikali ya Kuba ikaweka muhuri wa dhamana ubandikwe juu ya masanduku yatokayo kwao. Huo ulikuwa msaada kwa tajiri aliyeweza kununua sanduku zima. Maskini aliyenunua sigara moja moja dukani hakuuona muhuri, wala sigara yake haikutoka Havana.

Maskini huyo alivuta nini basi? Kusini ya India, katika mji ulioitwa Trichinopoly, watu walisokota sigara zisizo na kichwa, zilizo wazi pande zote mbili, na Burma kadhalika. Zilikuwa kali, tena hazikuwa na sura ya kujivunia, lakini zilikuwa tumbako ya kweli kwa bei ndogo, na Waingereza wengi wa karne ya 19 walizipenda. Somo lake ni kwamba kitu cha bei ndogo hakina budi kupunguza jambo fulani. Hizo zilipunguza urembo, zikabakiza jani. Mbaya ni ile ipunguzayo jani na kubakiza urembo: yaani joho zuri kwa nje, pete ya karatasi yenye dhahabu, na ndani makombo na vumbi lililofagiwa chini ya meza.

Sasa na tuvuke mpaka New York, ambako habari yetu yageuka kuwa nzito. Katika miaka ya 1870 matajiri wa sigara walianza kutumia kalibu za mbao. Fundi wa kale alihitaji miaka kujifunza kusokota kwa mkono. Kwa kalibu, mtu asiye na ujuzi aliweza kuanza kazi baada ya muda mfupi, na kwa ujira mdogo. Tena matajiri hao walinunua nyumba kubwa za kupanga, wakawapangisha wageni maskini kutoka Ulaya vyumba vichache, na kuwapa majani wayasokote humo humo. Baba, mama na watoto walifanya kazi tangu asubuhi hata usiku, wakapika, wakala na kulala katikati ya tumbako. Mwaka 1877 mafundi waligoma, wakashindwa.

Miongoni mwa mafundi hao alikuwamo Samuel Gompers, aliyezaliwa London mwaka 1850, mwana wa msokota sigara, naye mwenyewe msokota sigara tangu utoto. Katika karakana zao palikuwa na desturi njema: mmoja aliwasomea wenzake magazeti na vitabu kwa sauti wakati mikono yao ikifanya kazi, nao walimgawia sigara katika hesabu yao ili asipoteze ujira. Gompers alikuwa msomaji mmojawapo. Mwaka 1882 alimwongoza mjumbe kijana wa baraza la jimbo kuzitazama zile nyumba za kupanga. Kijana huyo aliingia akiwa na shaka, akatoka ameamini. Jina lake Theodore Roosevelt, yule yule aliyekuwa rais wa Marekani baadaye, na ambaye mwaka 1909 alishuka Mombasa kwenda kuwinda. Sheria ya kukataza kusokota sigara katika nyumba hizo ilitungwa, lakini mwaka 1885 mahakama ya rufani ya jimbo iliifuta, ikisema kwamba yamnyima mtu uhuru wa kufanya kazi nyumbani mwake.

Sheria iliposhindwa, mafundi walitafuta njia nyingine. Tangu mwaka 1880 chama chao kilikuwa kimeanza kubandika karatasi ya buluu juu ya kila sanduku lililotengenezwa na mafundi wenye ujira wa haki, nje ya nyumba za kupanga na magereza. Twaomba msomaji aifikiri vema karatasi hiyo. Haikusema kwamba sigara ni tamu. Ilisema ni nani aliyeitengeneza na kwa hali gani. Lakini mnunuzi wa senti tano aliitumia kama kipimo cha ubora pia, wala hakukosa akili: fundi anayelipwa vema hana haja ya kuficha makombo ndani ya joho. Kwa bahati mbaya mafundi hao hao waliwahi kutumia alama namna hiyo katika California ili kuwafukuza Wachina wasifanye kazi, jambo la aibu. Alama ya haki yaweza kuwa alama ya chuki ikiwa mikononi mwa watu wale wale.

Thomas Marshall, makamu wa rais wa Marekani tangu mwaka 1913 hata 1921, anakumbukwa zaidi kwa mzaha kuliko kwa kazi yake. Husimuliwa kwamba, baada ya kuchoshwa na hotuba ndefu juu ya mahitaji ya taifa, alinong'ona kuwa haja ya nchi ni sigara njema hasa ya senti tano. Watu wakacheka kwa sababu ilikuwa kweli: bei zilikuwa zimepanda wakati wa vita, na sigara ya senti tano ilikuwa imepotea au imeharibika.

Aliyeirudisha ni mashine. Baada ya vita ya 1914 hata 1918 ilienea mashine iliyohudumiwa na wanawake wanne, nayo ilitoa sigara nyingi mno kuliko mafundi wanne wa mkono. Karakana ndogo kwa maelfu zikafungwa. Tena redio, ambayo ndiyo njia ya mazungumzo kama haya, ikaingia shaurini. Mwana wa mwenye kiwanda kimoja cha sigara, William Paley, alipoona jinsi matangazo ya redio yalivyoongeza mauzo ya baba yake, alinunua mwaka 1928 kampuni ya redio iliyokuja kuwa CBS. Kiwanda kingine kilitangaza kwamba wasokotao kwa mkono hufunga ncha ya sigara kwa mate, ili watu waione kazi ya fundi kuwa uchafu. Na katika mji wa Tampa, ambako mafundi wa asili ya Kuba walikuwa na wasomaji wao vivyo hivyo, mwaka 1931 wenye viwanda waliwaondoa wasomaji hao, na redio zikashika mahali pao.

Wazee wetu husema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Historia hii yaonyesha kwamba methali hiyo yahitaji msaada wa mnunuzi mwenyewe. Kizuri hakijiuzi ikiwa kibaya kina sauti kubwa kuliko chake. Kwa hiyo wavutaji wenye fedha kidogo walijifunza kutazama mambo machache. Sigara iminywe polepole tangu ncha hata ncha: isiwe na shimo wala fundo gumu. Mwisho wake utazamwe, kama yaonekana majani marefu yaliyokunjwa au makombo. Joho lisiwe kavu wala lenye nyufa. Ikiwashwa, iungue sawasawa pande zote. Tena wasilipie jina la mji. Mwaka 1962 Marekani ilipofunga mlango wa bidhaa za Kuba, mafundi waliokuwa wamehama kisiwa hicho walianza upya katika Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nicaragua, na huko hupatikana hata leo sigara nzuri kwa bei ya kiasi. Ustadi ulisafiri pamoja na watu. Jina tu ndilo lililobaki.

Lakini hatutakuwa wakweli tukinyamaza juu ya jambo la mwisho. Madaktari wamethibitisha kwamba moshi wa sigara, hata ya jani safi kabisa, huleta saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu. Hapana muhuri wala karatasi ya buluu iwezayo kuondoa madhara hayo. Kijana ambaye hajaanza kuvuta amekwisha kupata sigara rahisi kuliko zote.

Basi, tukirudi kwenye swali letu la kwanza, twaona kwamba senti tano za maskini hazikumtosha mtu mmoja kununua ukweli. Aliupata pale tu palipokuwa na mtu wa kumwambia jinsi kitu kilivyotengenezwa, na yeye mwenyewe alipokuwa tayari kuuliza. Ununuapo jembe au nguo ya bei ndogo, uliza kilichopunguzwa ni nini. Ikiwa ni urembo, chukua. Ikiwa ni kitu chenyewe, kiache. Na ikiwa ni ujira wa yule aliyekitengeneza, ujue kwamba bei yake haikupungua, bali imelipwa na mwingine.