Alama na Hoja: Historia Fupi ya Uhakiki wa Filamu

Katika Kiswahili yapo maneno mawili yatumikayo kwa kazi ya mtu apimaye filamu, kitabu au mchezo wa kuigiza kwa faida ya wengine: kuhakiki na kukosoa. La kwanza lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kutafuta ukweli wa jambo. La pili limetokana na kitenzi kosa, likatiwa kiambishi cha kutendua, kama vile choma izaavyo chomoa na funga izaavyo fungua. Kwa hiyo kukosoa, kwa umbo lake, si kutafuta kosa bali ni kuliondoa. Maneno yote mawili yamdai msemaji atoe sababu, wala hapana hata moja lenye maana ya kuhesabu. Ilhali huko Marekani, ambako biashara ya sinema ilipata nguvu kuu, kazi hiyo imegeuka hatua kwa hatua: maelezo yakawa nyota, nyota ikawa kidole gumba, na kidole gumba kikawa asilimia. Makala haya yaeleza mageuzi hayo, kisha yauliza kama yampasa mtazamaji kuongozwa na hesabu hizo, au na wahakiki wenyewe, au asiongozwe na yeyote.

Tahakiki za filamu zilianza mapema katika karne ya 20. Mwaka 1908 Frank E. Woods alianza kuandika safu yake katika New York Dramatic Mirror, gazeti la mambo ya jukwaa, akizijadili picha fupi za wakati ule kama kazi zistahilizo kujadiliwa. Katika safu za namna hiyo hukumu ilikaa ndani ya maelezo. Asiyesoma maelezo hakuipata hukumu. Miaka 20 baadaye ikapatikana njia ya mkato. Tarehe 31 Julai 1928 Irene Thirer wa New York Daily News aliipa filamu iitwayo The Port of Missing Girls nyota moja, na tangu hapo msomaji mwenye haraka aliweza kujua hukumu kabla hajasoma neno lolote. Katika miaka ya 1950 hata jarida la Cahiers du cinéma la Ufaransa, lililoanzishwa mwaka 1951 na lenye sifa ya makala marefu na magumu, lilikuwa na jedwali ambamo wahakiki kumi waliziwekea filamu mpya nyota zao. Lakini jedwali lile liliwekwa kando ya makala, si mahali pa makala.

Hatua iliyofuata ilitokea katika televisheni. Mwaka 1975 Gene Siskel wa Chicago Tribune na Roger Ebert wa Chicago Sun-Times walianza kukaa pamoja mbele ya kamera mjini Chicago na kubishana juu ya filamu za juma. Katika miaka ya 1980 ubishi wao ulikuwa ukihitimishwa kwa kidole gumba, juu au chini, na vidole viwili vilivyoinuliwa vikawa tangazo lenye thamani kubwa kwa wauzaji wa filamu. Hata hivyo watazamaji waliyasikia mabishano kwanza. Waliokifahamu kipindi walijua ni lini Siskel alikuwa mgumu na ni lini Ebert alikuwa mpole, na wakaweza kukadiria hukumu ya kila mmoja kwa tabia yake.

Mwaka 1998 Senh Duong, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianzisha tovuti ya Rotten Tomatoes. Mwaka 2001 ikafuata Metacritic. Kazi ya zote mbili ni kuzikusanya tahakiki za watu wengi na kuzitolea jumla, lakini hesabu zao hazifanani. Rotten Tomatoes huzigawa tahakiki katika mafungu mawili tu, zenye kukubali na zenye kukataa, kisha hutaja asilimia ya zile zenye kukubali. Filamu ifikayo asilimia 60 huitwa nzima, na iliyo chini yake huitwa mbovu, kwa mfano wa nyanya. Metacritic huigeuza kila tahakiki kuwa namba kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani, na katika wastani huo baadhi ya magazeti hupewa uzito kuliko mengine.

Tofauti hiyo si ndogo. Ichukuliwe mithali ya filamu mbili, kila moja imehakikiwa na watu kumi. Ya kwanza wote kumi waliiona kuwa ya wastani, isiyochukiza wala kusisimua, wakaipa 60 kila mmoja. Ya pili saba waliiona kuwa kazi kubwa, wakaipa 90, na watatu waliichukia, wakaipa 30. Kwa hesabu ya mafungu mawili, ikiwa 60 yahesabiwa kuwa ni kukubali, filamu ya kwanza yapata asilimia 100 na ya pili asilimia 70. Kwa hesabu ya wastani sahili, ya kwanza yapata 60 na ya pili 72. Mpangilio umepinduka, ijapokuwa wahakiki ni walewale na maoni ni yaleyale. Asilimia 100, basi, haimaanishi kwamba filamu ni kamilifu. Yamaanisha kwamba hapakutokea mtu aliyeikataa. Wengi waitazamao alama hiyo huisoma kama alama ya mtihani wa shule, nayo siyo.

Kuna upungufu mwingine, nao waonekana vizuri katika historia ya Bonnie and Clyde, filamu ya Arthur Penn iliyotoka Agosti 1967. Bosley Crowther, mhakiki wa New York Times tangu mwaka 1940, aliishambulia zaidi ya mara moja kwa sababu ya jinsi ilivyochanganya mzaha na umwagaji damu. Joseph Morgenstern wa Newsweek naye aliikataa. Kisha akaenda kuitazama tena pamoja na watu wa kawaida, na juma lililofuata akachapisha tahakiki ya pili akisema kwamba ile ya kwanza haikuwa ya haki. Oktoba mwaka huohuo Pauline Kael alitoa katika The New Yorker makala ya maelfu ya maneno, akieleza kwa nini kicheko cha watazamaji kilichokatizwa ghafula na risasi kilikuwa ndiyo maana ya filamu yenyewe. Desemba gazeti la Time, ambalo nalo lilikuwa limeidharau, liliiweka filamu hiyo katika jalada lake. Mwaka 1968 ikapata uteuzi mara 10 katika tuzo za Oscar na kushinda mara 2. Crowther akaacha kiti chake, na Kael akawa mhakiki wa kudumu wa The New Yorker.

Habari hizi mara nyingi husimuliwa ili kuonyesha kwamba wahakiki hukosea. Hilo ni kweli, lakini si lote. Crowther alitoa sababu, na kwa kuwa alizitoa, wasomaji wake waliweza kumwandikia barua za kumpinga, na Kael akaweza kujibu kwa sababu zilizo bora. Kosa la mhakiki lilikosolewa kwa maana kamili ya neno: liliondolewa. Namba haina mlango wa namna hiyo. Laiti hukumu za juma la kwanza zingalikusanywa na kutolewa asilimia, watu wangaliona idadi ya waliokataa, wala wasingaliona mahali pa kuanzia kuwajibu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2021. Citizen Kane ya Orson Welles, iliyotoka mwaka 1941, ilikuwa na asilimia 100 katika Rotten Tomatoes. Ndipo ilipoingizwa tahakiki ya mwaka 1941 kutoka Chicago Tribune, iliyotiwa jina la kalamu Mae Tinée, na alama ikashuka hadi 99. Magazeti ya nchi nyingi yalitangaza kwamba filamu hiyo imeshindwa na Paddington 2, hadithi ya dubu mdogo iliyotoka mwaka 2017. Wachache walieleza yaliyosemwa na mhakiki yule: kwamba filamu ilikuwa ya kuvutia na ngeni, ila ilipenda vioja kuliko wepesi, na hivyo ikajinyima daraja. Hoja hiyo yaweza kujadiliwa hata leo. Asilimia 1 iliyopungua haijadiliki.

Hata hivyo watetezi wa hesabu wana neno la kusikilizwa. Mtu mwenye fedha ya tiketi moja hana nafasi ya kusoma makala 40, na matangazo ya wauzaji hayawezi kumwongoza. Mwaka 2001 ilifichuka kwamba kampuni ya Sony Pictures ilikuwa ikinukuu katika matangazo yake sifa za mhakiki aitwaye David Manning, mtu asiyekuwapo duniani; mwaka 2005 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5 ili kuimaliza kesi. Sauti nyingi zilizohesabiwa pamoja ni vigumu kuzibuni kuliko sauti moja. Kadhalika hesabu hupunguza nguvu za mtu mmoja kama Crowther kuiua filamu peke yake. Lakini mizani nayo ina mwenyewe: mwaka 2016 Rotten Tomatoes ilinunuliwa na Fandango, kampuni iuzayo tiketi za sinema. Wala alama zitolewazo na watazamaji wenyewe si kimbilio salama. Mwaka 2019 tovuti hiyo ilibidi iondoe asilimia ya wenye hamu ya kuiona filamu ambayo haijatoka, na kuanza kutenga kura za waliothibitika kununua tiketi, kwa sababu watu walikuwa wakizishutumu filamu wasizoziona.

Wako pia wasemao kwamba mwenye macho haambiwi tazama, na kwamba kila mtu ajihukumie mwenyewe. Methali hiyo yamfaa aliyekwisha kuiona filamu. Ambaye hajaiona bado yu katika hatari ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na kuuliza njia si aibu. Swali ni amwulize nani.

Kwa wasemaji wa Kiswahili swali hili lina uzito wa pekee. Tovuti hizi huhesabu tahakiki zilizoandikwa na kuzifikia, na hizo aghalabu ni za Kiingereza. Filamu ya Kiswahili kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, haiwezi kupimwa kwa haki na mizani isiyosikia lugha inayosemwa ndani yake: utani, lahaja ya Unguja, heshima na kejeli za mazungumzo. Mtazamaji wa Kiswahili azoeaye kutafuta namba kwanza ataona filamu za kwao hazina namba, naye atadhani hazina thamani. Tena lugha yenyewe itapata hasara, kwa kuwa istilahi za uhakiki hazizaliwi na asilimia. Huzaliwa na watu wabishanao kwa hoja.

Kwa hiyo alama yafaa kuchukuliwa kwa maana ya jina lake. Alama ya barabarani humwonyesha msafiri kwamba njia ipo, wala si safari yenyewe. Mtazamaji aitumie kujua kama filamu imezua mzozo au makubaliano, kisha achague wahakiki wawili au watatu ambao amezijua tabia zao, azisome sababu zao, hasa anapoona wanapingana. Mhakiki ambaye msomaji hakubaliani naye kila mara, lakini aelezaye kwa nini, ni kiongozi bora kuliko jumla ya watu mia ambao hawakuulizwa kwa nini.