Foleni na Milango: Historia ya Kisanduku cha Waifai

Tarehe 21 Julai 1999, katika maonyesho ya Macworld mjini New York, Steve Jobs alifungua kompyuta mpya ya iBook, akaingia kwenye intaneti, kisha akainyanyua na kuanza kutembea nayo jukwaani. Kurasa ziliendelea kufunguka. Ili asibaki mtu wa kudhani kuna waya uliofichwa, alichukua pete kubwa ya plastiki, ile ambayo watoto huizungusha kiunoni, akaipitisha kuizunguka kompyuta hiyo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Kisanduku kilichofanya kazi ile kiliitwa AirPort na kiliuzwa dola 299. Ndani yake zilikutana teknolojia mbili zilizokuwa zimekulia mbalimbali: redio inayotumia masafa yasiyolipiwa leseni, na ujanja wa kuziwezesha kompyuta nyingi kutumia anwani moja ya intaneti. Ruta za nyumbani zilizofuata zimerithi zote mbili, pamoja na kasoro zake. Ndiyo maana fundi anayepigiwa simu kwamba faili haliendi, au kwamba kamera ya getini haionekani mwenye nyumba akiwa safarini, mara nyingi hakuti kifaa kibovu. Anakuta matokeo ya maamuzi yaliyopitishwa miaka thelathini au arobaini iliyopita, na yaliyokuwa na sababu nzuri siku yalipopitishwa.

Uamuzi wa kwanza ulihusu hewa. Mwaka 1947, mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, Marekani, ulitenga baadhi ya masafa kwa ajili ya mitambo ya viwandani, maabara na hospitali. Hayakuwa masafa ya mazungumzo, bali ya mashine zinazopasha vitu joto na kutoa makelele ya redio. Moja ya masafa hayo, yaliyo karibu na gigahezi 2.4, ndiyo yanayotumiwa na oveni za maikrowevu. Mwaka 1985, kwa msukumo wa mhandisi Michael Marcus, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu redio za nguvu ndogo kutumia masafa hayo bila leseni, kwa sharti kwamba zisambaze mawimbi yake kwenye eneo pana na zivumilie makelele zitakayoyakuta. Ilikuwa ruhusa ya kujenga kwenye kiwanja ambacho hakuna aliyekitaka.

Waliokitaka wakajitokeza. Kampuni ya NCR, watengenezaji wa mashine za kaunta za maduka, ilitafuta njia ya kuhamisha mashine hizo bila kuchimba sakafu kila duka linapopangwa upya. Wahandisi wake nchini Uholanzi walitengeneza WaveLAN, na mwenzao Vic Hayes akaongoza kwa miaka kumi kamati iliyotunga kanuni za pamoja ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Kanuni ya kwanza, 802.11, ilipitishwa mwaka 1997. Kasi yake ya juu ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Miaka miwili baadaye ikapanda hadi 11, ambayo ndiyo iliyotumiwa na AirPort, na mwaka 2003 ikafika 54 kwenye masafa hayohayo.

Namba hizo zilizoandikwa kwenye maboksi zimewagombanisha wateja na wauzaji tangu hapo. Kwanza ni megabiti, wala si megabaiti. 54 ya boksini haifiki hata megabaiti 7. Pili, hewa ya nyumba moja hubeba msemaji mmoja kwa wakati. Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walilijua hilo tangu mwaka 1971, walipounganisha visiwa kwa redio katika mtandao wa ALOHAnet: vituo viwili vikituma kwa pamoja, pakiti, yaani vipande vya data, hugongana na zote mbili hupotea, hivyo kila kituo kisubiri muda wa kubahatisha kisha kitume tena. Waifai ilirithi tabia hiyo, pamoja na kungoja jibu kwamba pakiti imepokelewa, ikaongeza adabu ya kusikiliza kabla ya kusema. Taratibu zote hizo zinakula muda. Mtandao wa megabiti 54 kwa kawaida ulisafirisha megabiti 20 na kitu za data halisi. Na ikiwa faili linatoka kwenye kompyuta moja ya waifai kwenda nyingine ya waifai, kila pakiti hupita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka tena, hivyo kasi hupungua kwa nusu nyingine.

Majirani huongeza mzigo. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zimepangwa kwa hatua za megahezi 5, lakini kila mtandao wa kizazi kile ulihitaji upana wa megahezi 22. Kwa hesabu hiyo, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ghorofa lenye ruta ishirini halina pa kuzipeleka zote. Ndiyo sababu fundi mzoefu huanza kwa kuchomeka kebo kwenye ruta na kunakili faili lilelile. Likikimbia kwenye kebo, tatizo liko hewani: abadilishe chaneli, asogeze kisanduku kutoka nyuma ya friji, au ahamie gigahezi 5, ambako nafasi ni kubwa ingawa ukuta wa zege huyameza mawimbi yake upesi zaidi.

Lakini kuna wakati kebo nayo husuasua, na hapo historia inakuwa nyingine.

Oktoba 1986, njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, majengo yaliyoachana kwa takriban mita 360, ilishuka kasi kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alichunguza na kubaini kwamba hakuna kilichokuwa kimekatika. Kompyuta zilikuwa zinatuma pakiti nyingi mno, na zisipopata jibu zinazituma tena, na hivyo kuusonga zaidi mtandao uliokwisha kusongwa. Yeye na Michael Karels wakaandika upya taratibu za utumaji: anayetuma aanze polepole, aongeze kidogo kidogo, na akiona pakiti imepotea apunguze mara moja. Kompyuta za dunia nzima zilijengwa juu ya kanuni hiyo. Pakiti kupotea ikawa ndiyo ishara ya kusema basi.

Kisha memori ikawa rahisi. Watengenezaji wa modemu na ruta, wakiamini kwamba kupoteza pakiti ni aibu, walijaza visanduku vyao nafasi kubwa za kuhifadhi pakiti zinazosubiri zamu. Pakiti hazikupotea tena, zilipanga foleni. Na kwa kuwa hakuna iliyopotea, mtumaji hakupata ishara ya kupunguza, akaendelea kuijaza foleni. Mwaka 2010, Jim Gettys, mhandisi wa Bell Labs, alikuwa nyumbani akinakili mafaili makubwa kwenda kazini alipogundua kwamba intaneti yake inachelewa kupita kiasi. Alipopima, aliona majibu yaliyopaswa kurudi ndani ya milisekunde chache yanazidi sekunde nzima. Alikuta hali hiyohiyo karibu kila alikoitafuta.

Dawa ilipatikana mwaka 2012, Kathleen Nichols na Jacobson yuleyule walipochapisha mbinu inayopima muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni, badala ya urefu wa foleni, na kuitupa mapema ikiwa imekaa mno. Dave Täht na wenzake wa kujitolea waliijaribu na kuisambaza kwenye ruta za bei ya chini. Katika nyumba ambako mmoja akipandisha video simu ya mwingine inaanza kukatikakatika, tiba huwa kwenye mipangilio: washa usimamizi wa foleni, kisha weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni ijengeke kwenye ruta yenye akili na si kwenye modemu isiyo nayo.

Lalamiko la pili, la kamera isiyoonekana kwa sababu ya milango iliyofungwa, lina asili yake. Kanuni ya anwani za intaneti iliyochapishwa Septemba 1981 iliipa kila anwani biti 32, yaani jumla ya anwani zipatazo bilioni 4.3. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa wazi kwamba hazitatosha. Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo la kuzitumia anwani zilezile ndani ya mitandao mingi, huku kifaa cha mpakani kikizibadilisha pakiti zinapotoka. Wenyewe waliliita suluhisho la muda mfupi. Mwaka 1996 zikathibitishwa rasmi anwani za matumizi ya ndani, zikiwemo zinazoanza na 192.168, ambazo leo ziko karibu kila nyumba.

Aliyesoma shule ya bweni anaujua mpango huu: shule nzima ina S.L.P. moja. Mwanafunzi akiandika barua, karani anakumbuka nani ameandika na jibu likija anampelekea. Barua ikija yenyewe, ina namba ya sanduku tu bila jina, karani hajui ampe nani. Ruta nayo hukumbuka kila mazungumzo yaliyoanzia ndani, kwa anwani na namba ya mlango, namba inayotambulisha programu kati ya 0 na 65,535. 80 ni ya tovuti, 25 ni ya barua pepe. Pakiti inayogonga kutoka nje bila kualikwa hutupwa. Kuelekeza mlango ni kumwachia karani agizo: chochote kinachokuja kwa namba hii, mpelekee huyu.

Waliojifunza kuandika agizo hilo walikuwa vijana, kwa sababu ya michezo. Aliyetaka kuwakaribisha wenzake kwenye mchezo wa Quake, uliotoka mwaka 1996, alihitaji mlango 26000 uwe wazi. BitTorrent ilipokuja mwaka 2001 ilitumia 6881 hadi 6889. Kisanduku walichojifunzia wengi kilikuwa WRT54G, cheusi chenye uso wa buluu na antena mbili, cha Linksys, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1988 huko California na Victor na Janie Tsao, wahamiaji kutoka Taiwan, na kununuliwa na Cisco mwaka 2003 kwa dola milioni 500. Ukiandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari na nywila ya kiwandani, “admin”, ulifika kwenye jedwali lenye safu za jina la programu, mlango wa kuanzia, mlango wa kuishia, itifaki, anwani ya ndani, na mwishoni kabisa kijisanduku cha kutia alama. Wengi waliijaza safu yote wakasahau hiyo alama.

Makosa mengine ya enzi ile hayajabadilika. Ruta ikizimwa na kuwashwa, kompyuta huweza kupewa anwani nyingine ya ndani na agizo likabaki likielekeza mahali patupu, hivyo anwani hiyo sharti ihifadhiwe kwa ajili ya kifaa hicho. Ulinzi wa kompyuta yenyewe huweza kuikataa pakiti ambayo ruta imekwisha kuiruhusu. Na wapo wanaojaribu mlango wakiwa ndani ya nyumba, kwa anwani ya nje, kwenye ruta isiyojua kuirudisha pakiti hiyo, wakahukumu kwamba haufanyi kazi. Jaribio la kweli hufanywa nje, kwa simu iliyozimwa waifai.

Mlango ulio wazi nao una gharama. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliizunguka intaneti kikitafuta kamera na ruta zinazofikika kutoka nje zikiwa na nywila za kiwandani, kikakusanya jeshi la vifaa vya majumbani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn, na watumiaji wengi wa Marekani na Ulaya wakashindwa kufungua Twitter na Netflix kwa saa kadhaa.

Afrika Mashariki iliingia katika kisa hiki kwa kuchelewa. Kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilianza kutumika mwaka 2009. Tarehe 3 Februari 2011 akiba kuu ya dunia ya anwani za biti 32 ikaisha. Nyumba nyingi za ukanda huu zilipata intaneti kupitia mitandao ya simu, ambako maelfu ya wateja hugawana anwani moja tangu kwa mtoa huduma. Huduma ya Starlink, iliyoingia Kenya mwaka 2023, nayo hufanya hivyo kwa mteja wa kawaida. Dalili huonekana kwenye ukurasa wa hali ya ruta: anwani ya nje ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kuna karani mwingine huko mbele asiyepokea maagizo ya mteja. Hapo kuelekeza mlango nyumbani hakusaidii. Mteja huomba anwani yake mwenyewe na kuilipia, au hupitisha kamera yake kwenye seva ya kukodi, au hutumia huduma ya mtengenezaji wa kamera ambayo kamera huanza kuipigia yenyewe kutoka ndani.

Suluhisho la muda mrefu, anwani za biti 128, lilichapishwa kwanza mwaka 1995 na kuzinduliwa kwa matumizi ya dunia nzima Juni 2012. Kwa anwani hizo kila kamera inaweza kuwa na yake. Hata hivyo ruta nyingi zinazozitumia hukataa kwa kawaida pakiti zisizoalikwa, kwa sababu za usalama, na mwenye kamera hulazimika kuingia kwenye mipangilio akaandika kifaa gani kifikiwe, na kwa mlango upi.