Tovuti za kurudishiwa pesa: zafaa au ni kujisumbua?

Mpwa wangu auza mitandio na madera kwa simu kutoka nyumbani kwao Kisauni. Mwezi uliopita alinijia jioni, zamu yake ya chama imefika na ana shilingi 20,000. "Mjomba, hebu nisomee hapa. Hawa wasema nikinunua kupitia kwao narudishiwa asilimia 5. Hawa wengine wa WhatsApp wasema asilimia 30. Nifuate wepi?"

Swali lake ni la wengi siku hizi, hapa Pwani na kwa jamaa zetu walioko Uingereza, Marekani na Ghuba. Jibu si "ndiyo" wala "la". Yategemea tovuti yenyewe, unanunua nini, na kama ungalinunua kitu hicho hata bila kuahidiwa kurudishiwa chochote.

Pesa hizo zatoka wapi?

Mfano mwepesi ni dalali wa nyumba. Dalali akikuletea mpangaji, wampa ada yake. Sasa chukulia dalali amwambie mpangaji, "Pitia kwangu, nami nitakugawia sehemu ya ada yangu." Hivyo ndivyo tovuti hizi zifanyavyo kazi. Duka la mtandaoni hulipa kamisheni kwa yeyote anayeliletea mteja. Amazon ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1996, na leo AliExpress, Booking.com na maduka mengine mengi wanayo mipango yao. Tovuti ya marejesho hupokea kamisheni hiyo, hubakia na sehemu, na nyingine humpa mnunuzi.

Biashara hii si ya jana. Ebates ilianzishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2014 ilinunuliwa na kampuni ya Rakuten ya Japani kwa takriban dola bilioni 1, na sasa yaitwa Rakuten. Uingereza wanazo Quidco na TopCashback, zote za mwaka 2005. Kwa hivyo anayesema kwamba kila tovuti ya marejesho ni utapeli amekosea. Zipo za kweli, na zimelipa watu kwa miaka mingi.

Duka litajuaje kwamba ulipitia kwa dalali? Unapobofya kiungo kwenye tovuti ya marejesho, kivinjari chako huwekewa faili ndogo ziitwazo vidakuzi. Hizo ndizo zinazomwambia mwenye duka, "Mteja huyu aliletwa na fulani." Alama hiyo ikipotea njiani, dalali halipwi, na wewe hulipwi.

Nami yalinipata. Niliweka chumba cha wageni Zanzibar kwa ajili ya harusi ya jamaa, nikaahidiwa asilimia 4. Kabla ya kulipa nikafungua kiungo kingine nilichotumiwa chenye msimbo wa punguzo. Punguzo nikalipata, lakini marejesho yakakataliwa, maana aliyehesabiwa kuwa ameniletea ni yule wa mwisho. Tena kwa hoteli ni lazima kwanza ulale na uondoke ndipo madai yako yaangaliwe. Nilingoja miezi 3 kupata jibu la "hapana".

Hesabu yenyewe

Turudi kwa mpwa wangu na shilingi 20,000 zake. Tuseme aagiza vitambaa vya 16,000 kutoka nje, na usafirishaji ni 4,000. Marejesho kwa kawaida huhesabiwa kwa bei ya bidhaa pekee, bila usafirishaji wala kodi. Asilimia 5 ya 16,000 ni shilingi 800. Lakini akilipa kwa kadi, kubadilisha shilingi kuwa dola kuna makato yake. Yakiwa asilimia 3, hizo ni 600 katika 20,000. Mzigo ukifika, kuna VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine kulingana na bidhaa.

Kama alikuwa ataagiza nje kwa vyovyote, basi zile 800 ni faida yake, si haba. Lakini kama ni hizo 800 zilizomtoa Biashara Street, ambako angeshika kitambaa kwa mkono, angepatana bei na kurudi nacho jioni ile ile, basi marejesho yamemtia hasara. Rahisi huvunja upishi.

Kisha kuna kuzitoa pesa hizo. Tovuti nyingi hazilipi mpaka ufikishe kiwango fulani. Rakuten ya Marekani, kwa mfano, hulipa kila miezi 3, na huna budi uwe umevuka dola 5. Tovuti hizi kubwa zimeundwa kwa wanunuzi wa nchi zao, wenye benki na anwani za huko. Hapa kwetu mara nyingi malipo yatapitia PayPal ndipo yaje M-Pesa, na kila kituo kina makato yake. Kwa anayenunua mara 2 kwa mwaka, huenda pesa zikalala huko asizione.

Ndiyo maana jamaa zetu walioko London hufaidi kuliko sisi. Huko marejesho makubwa hayatoki kwenye viatu na nguo, bali kwenye bima ya gari, intaneti ya nyumbani na mikataba ya simu, vitu ambavyo ni lazima walipie kila mwaka. Hata hao yawapasa kulinganisha bei kwanza. Bima iliyozidi pauni 60 haiponi kwa marejesho ya pauni 40.

Gharama isiyoandikwa

Tovuti ya marejesho hujua unanunua nini, wapi, saa ngapi na kwa kiasi gani. Ukiweka programu yake kwenye simu au kivinjari, huenda ikaona zaidi ya hayo. Taarifa hizo zina thamani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yakupa haki ya kujua taarifa zako zatumiwaje na kuomba zifutwe, lakini kampuni iliyo ng'ambo si rahisi kuifuatilia.

Ya pili ni moyo wako mwenyewe. Maneno "umeokoa 500" humfanya mtu atumie 10,000 ambazo hakuwa amezipanga. Aliyeokoa hapo ni mwenye duka.

Ya tatu, salio la marejesho ni deni, bado si pesa. Wengi wanazikumbuka kadi za pointi za Nakumatt. Wadai walipopiga kura kuifunga kampuni hiyo Januari 2020, maduka yalikuwa yamekwisha, na pointi haziliki. Ukifikisha kiwango, toa pesa zako.

Na wale wa asilimia 30?

Hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu aweke simu chini. Duka linalolipa kamisheni ya asilimia 5 au 10 haliwezi kumwezesha dalali akurudishie 30 kwa kila kitu, kila siku. Pesa hizo lazima zitoke mahali, na mara nyingi zatoka mfukoni mwa anayeingia baada yako.

Mtindo wao ni mmoja. Wakuingiza kwenye kundi la WhatsApp au Telegram. Wakuambia "nunua" bidhaa kwenye duka lao la bandia kwa shilingi 500, na jioni wakurudishia 650. Kesho 2,000, wakurudishia 2,600. Ukishaamini, waambiwa uweke 20,000, kisha 15,000 nyingine "kufungua akaunti", kisha "kodi". Hapo hurudishiwi tena. Huko Marekani, tume ya biashara ya serikali, FTC, ilipokea malalamiko takriban 20,000 ya utapeli wa kazi za namna hii katika nusu ya kwanza ya 2024, kutoka 5,000 mwaka mzima wa 2023.

Wengine huja na sura ya heshima: kadi ya ununuzi, semina hotelini, na ahadi ya kulipwa kwa kila unayemsajili. Mwaka 2018 mamlaka ya bahati nasibu ya Norway iliamua kwamba mpango wa Lyoness, uliojulikana kwa kadi zake za marejesho, ulikuwa mfumo haramu wa piramidi. Nasi Kenya tuliona mifumo ya piramidi ikiporomoka mwaka 2006 na 2007, na pesa za wastaafu na vyama vya kina mama zikapotelea humo.

Mambo ya kushika

1. Kujiunga kuwe bure. Wakikudai ada au amana kabla ya kununua, ondoka.
2. Pesa za bidhaa zilipwe dukani kwenyewe, si kwa tovuti ya marejesho wala namba ya mtu binafsi.
3. Linganisha bei ya mwisho, pamoja na usafirishaji na kodi, na duka la karibu. Yahesabu marejesho kuwa sifuri. Bado yafaa? Nunua.
4. Bofya kiungo kimoja, maliza kununua hapo hapo, na zima programu za kuzuia matangazo kwa muda huo.
5. Piga picha ya skrini na uandike tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari.
6. Usimpe mtu namba yako ya siri ya M-Pesa wala msimbo uliotumwa kwa simu yako.
7. Ukishatuma pesa na ukashtuka, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja kuomba zirudishwe. Zikiwa zimeshatolewa, ni vigumu kuzipata. Namba ya tapeli iripoti kwa 333.

Kwa hivyo, zafaa? Kwa anayenunua mtandaoni mara kwa mara, mwenye kadi, na mwenye subira ya miezi kadhaa, tovuti ya kweli yaweza kumrudishia kitu kidogo kwa mwaka. Kwa anayenunua mara moja moja kwa M-Pesa, faida ni ndogo kuliko usumbufu. Na kwa anayeambiwa aweke pesa kwanza ili zizae, hapo hakuna ununuzi, kuna mtego.

Mpwa wangu alijitoa kwenye lile kundi la WhatsApp usiku ule ule. Ile tovuti ya asilimia 5 alijisajili, maana ilikuwa bure, akaagiza mitandio ya 3,000 kuijaribu. Pesa zilizobaki alizipeleka Biashara Street asubuhi yake, na mzigo aliurudisha kwa tuktuk kabla ya adhuhuri.