Siku Mbili za Namirembe

Tunaposhangilia ushirika wetu unaovuka mipaka, kumbuka uamsho mmoja uliovuka mipaka hii hii bila jukwaa wala vipaza sauti.

Septemba 1929, daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akitokea hospitali ya Gahini, Rwanda. Kule njaa kali ilikuwa imeua wengi. Alikuwa hoi: mwili umechoka, roho imekauka. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Hawakuitisha mkutano. Walikaa na Biblia siku mbili, wakifuatilia maandiko ya Roho Mtakatifu, wakiomba. Basi!

(Walikuwa Waanglikana, si Wapentekoste. Usikunje uso, ndugu yangu.)

Wewe mwaka huu umesikia mahubiri mangapi? Na Biblia yako, ukiwa peke yako, uliifungua lini?

Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Miaka ya 1930 moto ule ukashika Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya hadi Tanganyika. Watu wakaungama dhambi hadharani, na wengine wakarudisha vitu walivyoiba kwa wenyewe.