Nani Aitwe Maskini?

Ndugu, kipimo cha umaskini ni suala la siasa. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilianza kutumia kipimo cha Mollie Orshansky: gharama ya chakula cha kima cha chini, mara tatu. Kipimo hicho kinadai kipato kinachojulikana.

Saza hakina pa kushika. Tangu mgodi wa dhahabu wa New Saza ufungwe mwaka 1956, mchimbaji mdogo hana hati ya mshahara. Leo anapata, kesho anakosa. Ndiyo maana mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa nchini mwaka 2012, ulianzia kwenye mkutano wa kijiji. Kisha dodoso likahesabu wategemezi na mali. Lakini kaya isiyotajwa mkutanoni haifikiwi na dodoso. Wajibu wa kada ni kuhakikisha mnyonge anatajwa.